Kikombe Kilichooshwa kwa Udongo

Kikombe kilikuwa chake. Kilikuwa cha bati, cheupe, rangi imebanduka mdomoni, na alikuwa akikifunga kwa kamba kwenye usukani wa baiskeli. Kilikuwa kikigongagonga njia nzima kutoka Kizimbani mpaka uwanja wa Mnazi Mmoja, na sisi tuliotangulia tukikisikia tunajua amefika. Pale uwanjani palikuwa na bomba moja na hapakuwa na cha kunywea. Basi wakimbiaji wote tulinywa kwa kikombe hicho, na sikumbuki hata siku moja kumsikia akisema ni chake.

Mwenzangu huyo alikuwa akifanya kazi katika shamba la serikali la Kizimbani, kupalilia na kuanika karafuu na viungo. Mie nilikuwa napiga pasi kwa dobi mmoja Mji Mkongwe, pasi ya makaa, tangu asubuhi mpaka alasiri nimesimama wima. Sote wawili tulikimbia maili tatu. Nimesoma mpaka darasa la sita tu, na kila ninapoandika naogopa kalamu isije ikanipendelea. Kwa hiyo nitajitahidi kuyaweka mbele yale yanayomfaa yeye, kisha ya mwalimu wetu, na yangu yaje nyuma.

La kwanza linalomfaa ni hili: alikuwa na mbio kuliko mie. Hilo halikuwa na ubishi. Alikuwa akija kwa baiskeli kutoka Kizimbani baada ya kazi, anaiegemeza kwenye mti wa mvinje, anakunywa maji, anakimbia, na bado mgongo wake ndio niliokuwa nikiutazama. Nilijua viraka vyote vya fulana yake. Akinisikia nahema nyuma yake alikuwa akisema bila kugeuka, "Pole, yakhe, makaa yamekuingia kifuani," na wenzetu wanacheka, na mie nacheka, kama pumzi imebaki.

Mwalimu wetu wa mbio alikuwa Mjerumani, mmoja wa wageni walioletwa miaka ile kufundisha mambo mbalimbali. Alikuwa mtu mzima, mrefu, shingo imeungua jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata lakini hakuona haya kukitumia. Alitupenda. Nasema hivyo kwa sababu baadaye nitasema jambo ambalo mtu anaweza kulichukua vibaya. Alikuwa akitupimia mapigo ya moyo kwa kidole na saa yake, na aliona kwamba tumekonda.

Kweli tulikuwa tumekonda. Ilikuwa miaka ile ya foleni, unasimama kwa mchele, unasimama kwa sukari, na mara nyingi unarudi na mkoba mtupu. Nyumbani kwetu mama alikuwa akichemsha muhogo, na chai ilikuwa ya rangi, bila ya maziwa, siku nyingine bila hata sukari. Mwalimu alituuliza siku moja tunakula nyama lini. Tukaangaliana. Mwenzangu akamjibu kwa adabu kwamba nyama tunakula siku za harusi. Mwalimu hakucheka.

Wakati huo tulikuwa tunangojea mchujo. Timu ya kwenda bara kushindana ilikuwa na nafasi moja tu ya maili tatu, na sote uwanjani tulijua kwamba itachukuliwa na mmoja kati yetu wawili. Mie sikuwa nimewahi kuvuka bahari. Yeye pia. Alikuwa na mama yake Kizimbani, na yule mama alikwisha kumshonea mkoba wa safari kwa kitambaa cha kanga kuukuu, mapema vile, kabla ya mchujo. Mkoba huo aliuleta uwanjani kutuonyesha, akijicheka mwenyewe.

Siku chache baada ya yale maswali ya nyama, Mwalimu alituita sisi wawili kwenye chumba cha vifaa. Alitoa kopo kubwa kutoka katika mfuko wake akaliweka juu ya meza. Akatuambia kwamba ndani mna unga uliotoka kwao, wanaounywa wakimbiaji wa kwao. Akatafuta maneno. "Hii nyama bila nyama," alisema. Ulikuwa, kama nilivyomwelewa, ni kile kitu kilichomo ndani ya maziwa na nyama kinachojenga misuli, kimetolewa peke yake na kukaushwa. Siku hizi nauona unga wa namna hiyo umepangwa madukani katika makopo makubwa meusi, na vijana wanautaja kwa majina yake, protini, asidi za amino, kama wanavyotaja majina ya wachezaji mpira. Sisi tulikuwa hatujui jina lolote. Tulikuwa tunalitazama kopo.

Kopo lilikuwa na picha ya nguruwe.

Picha ilikuwa imefifia lakini haikuwa na shaka: nguruwe mnene, wa rangi ya waridi, masikio yamelala, anacheka. Mwalimu aliona tunapotazama. Akaeleza kwa haraka kwamba kopo lilikuwa la mafuta yake ya kupikia, kwao ndio mafuta yao, na kwamba unga ulikuja katika mfuko wa karatasi, lakini unyevu wa Unguja ulianza kuugandisha, ndipo akauhamishia humo. "Kopo tu," alisema. "Mimi osha. Maji moto, sabuni."

Wasomaji wangu wengi wanajua, lakini nitaandika kwa asiyejua. Kwetu chombo kilichoguswa na nguruwe hakitakasiki kwa sabuni, hata ikawa ya kunukia namna gani. Huoshwa mara saba, na moja katika hizo huwa kwa udongo. Maji moto ya Mwalimu yalikuwa usafi wa kwao.

Mwenzangu hakubadilika uso. Alisema, "Ahsante sana, Mwalimu. Lakini mie tumbo langu halipokei maziwa. Nikinywa nnaumwa."

Ulikuwa uongo. Nilikwisha kumwona akinywa maziwa ya ng'ombe kwao Kizimbani mpaka akajipangusa masharubu. Lakini ulikuwa ule uongo ambao mtu mwenye malezi huusema mbele ya mgeni aliyekuja na zawadi. Ungewezaje kumwambia mtu mzima aliyetoa chakula cha kwao kwamba chombo chake ni najisi? Aibu ingempata yeye, na sisi tungekuwa ndio tuliomwaibisha. Mtu yeyote aliyelelewa mitaani kwetu angefanya vilevile. Mwalimu alisikitika kwa dhati, akamshika bega, akasema pole. Kisha akanigeukia mie.

Nami nikanyamaza. Neno hilo nimelizunguka miaka mingi. Nilinyamaza, kisha nikasema nitaanza kesho.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi kabla ya kazi nilikwenda kwa mwalimu wangu wa chuo, mzee aliyenifundisha Kurani. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, nikamuuliza suala langu. Nilimuuliza hivi: kitu kikavu kikikaa ndani ya chombo kikavu chenye najisi, je, kinanajisika? Akanijibu kwamba kikavu kwa kikavu hakiambukizi, ikiwa vyote viwili ni vikavu kweli. Akanitazama, akauliza ni kitu gani. Nikasema unga. Akasema kama moyo una wasiwasi, vyakula viko vingi. Nikambusu mkono nikaondoka. Sikumwambia kwamba siku hizo vyakula havikuwa vingi, na yeye alilijua hilo kuliko mie. Wala sikumwambia habari ya nguruwe, wala kwamba sikujua kama kopo lilikuwa kavu siku unga ulipotiwa. Hakuna uongo niliomwambia. Lakini niliulizia jibu nililokuwa nikilitaka.

Jioni yake Mwalimu alinipimia vijiko viwili vya unga. Nikatazama huku na huku, sina cha kuukorogea. Mwenzangu akafungua kamba kwenye usukani. "Chukua changu," alisema. "Utaukoroga mkononi?"

Nikamwambia asijisumbue.

"Chukua, bwana. Kikombe kinaoshwa. Unga ndio hauoshwi."

Nikanywa mbele yake. Ulinuka kama uji ulioungua kidogo, ukafanya povu, na chembe zake zikanata kwenye meno. Nilipomaliza alikichukua kikombe akaenda nacho bombani. Mie nilijifanya nafunga viatu. Niliona akichota udongo chini ya mvinje, akakisugua ndani na nje, akakisuuza, akakisuuza tena, na tena, midomo ikihesabu. Hakumficha mtu wala hakumwonyesha mtu. Mwalimu alipita hapo, akamwona anavyosugua kwa udongo, akafurahi. Akatuambia sote tumtazame huyu kijana, hivi ndivyo mwanamichezo anavyotunza vyombo. Wenzetu waliinamisha vichwa kuficha vicheko. Yeye akamshukuru Mwalimu, akajaza maji, akaniletea mie wa kwanza.

"Kunywa, yakhe. Kishakuwa safi."

Ikawa ndiyo kazi ya kila jioni. Mie nanywa unga, yeye anaosha kikombe kwa udongo, kisha tunakimbia. Baada ya wiki kadhaa suruali yangu ya kazini ilianza kunibana mapajani. Dobi mwenyewe aliliona, akaniuliza kama ninakula nguo za wateja. Kuna jioni moja nilikuwa nyuma yake kama kawaida, na nikagundua kwamba sihemi. Nilikuwa namfuata kwa kuchagua. Nakumbuka furaha ya jambo hilo mwilini, na nakumbuka kwamba nilipunguza mwendo ili asijue.

Lazima niandike na mengine, nisije nikalipa kopo lile sifa zote. Masika yale yalikuwa makali, na njia ya Kizimbani ilikuwa tope tupu. Yeye alikuwa akifika amelowa, miguu imeshachoka kwa baiskeli, wakati mie nimetembea hatua chache kutoka dukani. Halafu alipata homa, akalala siku kadhaa, akarudi macho ya manjano. Mie pia nilikuwa kijana kuliko yeye kidogo, na labda wakati wangu ulikuwa umefika tu. Sijui. Wenye elimu ya mambo haya huenda wakasema kwamba vijiko viwili kwa siku si kitu. Huenda wakasema kwamba kwa mtu anayekula muhogo mtupu ni kitu kikubwa. Nimesikia yote mawili, na kila mara nimeliamini lile linaloniumiza.

Siku ya mchujo mvua ilikuwa imekatika. Tulikimbia wengi lakini mpaka nusu ya pili tulibaki wawili. Ile fulana yenye viraka ilikuwa mbele yangu, na kwenye kona ya mivinje ya mwisho nikatoka nje, nikampita. Sikuwa nimewahi kuuona uso wake akikimbia. Alikuwa amekunja midomo kama mtu anayebeba kitu kizito kwa uangalifu. Nilishinda kwa mwili mmoja, si zaidi.

Alinikuta nimeinama nimeshika magoti. Aliweka mkono mgongoni pangu, naye hawezi kusema bado. Aliposema alisema, "Umenipiga leo. Haya, nenda kaniangalilie huko bara kukoje." Kisha akaenda kuniletea maji. Jioni ile sikunywa unga, kwa hiyo kikombe hakikuoshwa. Wiki ileile akanipa na ule mkoba wa kanga, akasema mama yake amesema mkoba umeshonewa safari, haukushonewa mtu.

Siku mbili tatu kabla ya safari nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu kuchukua viatu vya misumari alivyoniazima. Alifungua kabati. Chini, nyuma ya viatu, palikuwa na mfuko wa karatasi nene, umeshonwa mdomo kwa uzi, umefungwa ndani ya nailoni. Akautoa akanipa. Unga, alisema, wa kwenda nao bara.

Nikauliza kama umefika karibuni.

"Hapana," alisema. "Mbili nilileta. Moja kwako, moja kwa rafiki. Lakini tumbo lake baya." Akatikisa kichwa. "Pole sana. Yeye mzuri sana."

Nilisimama na ule mfuko mkononi. Ulikuwa haujafunguliwa, haujaingia kopo lolote. Kwenye karatasi palikuwa na picha ya ng'ombe na maharage ya aina fulani. Siku zote zile ulikuwa kabatini, mtu mmoja akingojea kuulizwa na wawili wakimwonea haya kumuuliza. Lingetosha neno dogo, hata bila kumtaja nguruwe: Mwalimu, upo mwingine ambao haujafunguliwa? Swali hilo halina aibu kwa yeyote. Mwenzangu hakuliuliza kwa sababu alikwisha kusema habari ya tumbo, na mtu hawezi kusema tumbo halipokei kisha akaomba. Aliyeweza kuliuliza ni mie.

Nilikwenda bara. Niliikimbilia Unguja mbio zangu na nikamaliza katikati, si wa mbele wala wa kuchekwa. Mfuko ulikaa ndani ya mkoba wa kanga. Sikuufungua. Mtu anaweza kusema hiyo ni heshima. Mie naona ilikuwa ni kuchelewa.

Niliporudi nilipanda gari la shamba mpaka Kizimbani, nikamkuta anaanika karafuu kwenye majamvi, anazigeuza kwa mguu. Mama yake alinikaribisha, nikamwamkia, nikamrudishia mkoba wake na kumshukuru. Kisha tukakaa mwenzangu na mie upenuni, nikautoa ule mfuko nikamweleza yote. Nilimwambia kabati, uzi, ng'ombe, maneno ya Mwalimu kama yalivyokuwa. Njiani nilikuwa nimeshindana na nafsi yangu kama nimwambie au nisimwambie. Kumwambia ni kumwambia kwamba alikosa bure. Kumficha ni kumlia haki yake mara ya pili.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaupindua mfuko, akautazama ng'ombe.

"Kwa hivyo ulikuwa wa maziwa tu."

"Na maharage."

"Na mie nshasema sinywi maziwa." Akacheka kwa pua. Baadaye akasema, "Usimwambie Mwalimu habari ya kopo. Atarudi kwao anajua alitulisha nini."

Nikamwambia sitamwambia. Na sikumwambia. Mwalimu alirudi kwao mwaka uliofuata akiamini kwamba kijana wake bora alikuwa na tumbo bovu.

Mwenzangu akawa akichezea ule uzi wa mfuko. Kisha akaniuliza, bila ukali, kama anayeuliza njia, "Mie siku ile nilikuwa namsitiri mgeni. Wewe uliponyamaza ulikuwa unamsitiri nani?"

Nilitaka kusema mgeni. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na huenda hata lilikuwa la kweli. Nilikuwa na haya zilezile alizokuwa nazo yeye, nimelelewa kwa adabu ileile. Lakini pia nilikuwa nimeuona mgongo wake jioni zote zile. Nikasema, "Sijui."

Akatikisa kichwa kukubali, kama kwamba jibu hilo alilitarajia.

Akakata uzi kwa meno. Tulitazama ndani wote wawili. Unga ulikuwa umeganda jiwe moja, umechukua umbo la mfuko. Mwalimu alisema kweli katika hilo la unyevu, nami naliandika kwa sababu ni haki yake. Mama mtu akaja, akaugonga kwa ukucha, akauliza hiki nini, akaambiwa ni chakula. Siku zile chakula hakitupwi. Akauchukua akautia kinuni, akautwanga, na jioni ile akaukorogea kwenye uji wa watoto wa majirani waliokuwa wakikaa pale uani. Walikunywa wakaomba tena.

Sisi tulipewa ule uliobakia sufuriani. Mwenzangu alikifungua kikombe kwenye usukani, akakijaza, akaanza yeye. Akakunja uso. "Ndio huu?" aliuliza. "Ndio huu ulionipigia?" Akanywa tena, akanipa nusu. Mwaka uliofuata sikukimbia maili tatu. Nilijiandikisha mbio fupi ambazo sina miguu yake, nikatuma salamu Kizimbani kwamba nafasi iko wazi. Akajibu kwa salamu vilevile kwamba ameshaoa, na jioni hana.

Lakini jioni ile nilipomaliza ule uji alikichukua kikombe, akakisuuza mara moja tu kwa maji ya mtungi, akakifunga tena kwenye usukani. Tukazungumza habari za bara. Alitaka kujua vyakula, barabara, watu wanavyovaa. Lile swali hakuniuliza tena, siku ile wala baadaye, na tumekutana mara nyingi tangu hapo, harusini na misibani. Kila tukikutana huwa nangojea aniulize.